Badminton: kamba nene ao nyembamba? Hesabu ya unywele moja yenye kugusa mufuko wa timu

Ku pakiti ya kamba ya raketi ya badminton, mara mingi chini kabisa, munakuta namba ndogo: 0,70 ao 0,68 ao 0,65, kisha herufi mm. Ni unene wa kamba kwa milimita. Ile nene yenye kujulikana sana ni 0,70. Ile nyembamba kabisa yenye kuuzwa sana ni 0,61. Kati ya hizo mbili, tofauti ni milimita 0,09, karibu unene wa unywele moja wa kichwa. Ukizishika mu vidole ni nguvu kusema ni ipi nene na ni ipi nyembamba. Lakini ile tofauti njo inaweza kufanya kamba moja idumu miezi, na ingine ikatike mu juma la kwanza.

Kwa muchezaji wa Kuala Lumpur ao Jakarta, fasi badminton iko muchezo wa kila mutaa, kamba kukatika ni shida ndogo. Anapita kwa fundi asubui, jioni anachukua raketi yake. Kwetu mambo ni tofauti. Mu timu mingi za vijana, za shule ao za parokia, raketi za muzuri unazihesabu ku vidole vya mukono moja, na fundi mwenye mashini ya kufunga kamba anaweza kuwa mu muji mwingine, ao ng'ambo ya mupaka. Raketi moja ikikatika kamba, siyo raketi tu yenye kulala. Watoto wawili ao watatu wenye kuitumia kwa zamu wanakaa pembeni ya tereni, wanatazama wenzao. Kwa hiyo swali la unene wa kamba, ambalo kwingine ni la kupenda tu, kwetu ni la kujua kama watu watacheza ao hawatacheza.

Jibu letu tunalitoa mapema: kwa timu yenye kuanza, na hata kwa wachezaji wengi wenye kucheza miaka, kamba ya 0,70 ao 0,68, yenye kukazwa kwa kiasi, njo ya muzuri. Sasa tueleze ni juu ya nini.

Kwanza, kamba yenyewe ni nini? Zamani walitumia utumbo wa wanyama, wenye kusafishwa na kusokotwa. Leo karibu zote ni za nailoni, ile ya familia moja na nailoni ya wavuvi wetu. Nailoni ilitoka Marekani, mu maabara ya kampuni DuPont, mwaka 1935. Lakini kamba ya raketi haiko uzi moja wenye kujaa, sawa ule wa ndoano. Ndani kuko nyuzi mingi nyembamba sana zenye kukusanywa pamoja, huo ni moyo wa kamba. Juu ya moyo kuko ngozi: nyuzi zingine zenye kufumwa kuzunguka, kisha wanapakaa dawa ya kuifanya iteleze na ikinge. Moyo njo unaruka, unavutika na kurudi. Ngozi njo inalinda moyo. Pakiti moja ya raketi moja iko na metre 10 hivi, na boksi kubwa ya mafundi inakuwa na metre 200.

Sasa hesabu. Watu wanaona 0,70 na 0,61 wanasema: ni tofauti ya sehemu ndogo tu, kama 13 kwa 100. Hapana. Nguvu ya kamba haitoke mu upana wake, inatoka mu nyama yote yenye kuwa ndani ukiikata. Na nyama ile inapungua mbio kuliko upana. Kamba ya 0,65 iko na nyama karibu 14 kwa 100 chini ya ile ya 0,70. Kamba ya 0,61 iko na 24 kwa 100 chini, karibu robo nzima. Wavuvi wa Uvira na Kalemie hawana lazima ya kufundishwa hii: wanajua vizuri kama ukishuka namba moja tu ya nailoni, samaki mukubwa anaenda na ndoano yako.

Na ile nyama yenye kupungua inabeba muzigo uleule. Fundi akifunga raketi kwa livre 24 (ku raketi inaandikwa 24 lbs), anavuta kila kamba kwa nguvu ya karibu kilo 11. Raketi ya kawaida iko na kamba 22 za kusimama. Zijumulishe: kuko karibu kilo 240 zenye kuvuta kichwa cha raketi kuelekea mukono, mu kadre yenye uzito mudogo kuliko simu mingi. Kamba iko na kazi hata wakati raketi inatundikwa ku ukuta na hakuna mutu anacheza.

Sasa, kama nyembamba inakatika mbio, juu ya nini wanaitengeneza? Kwa sababu iko na mambo yake ya muzuri, na hatutasema uongo. Volani ikigonga kamba nyembamba, kamba inavutika zaidi, inabonyea, kisha inarudi kwa haraka. Inauma kidogo kile kichwa cha kork cha volani, na muchezaji mwenye mukono wa kujua anaweza kuikata, kuizungusha, kuiangusha karibu kabisa na wavu. Mukono unasikia vizuri fasi volani imegonga. Wachezaji wenye kuzoea wanasema kamba nyembamba "inaongea."

Na inaongea kweli, kwa sauti. Hapa wapiga gitare wa kwaya watatuelewa: kamba nyembamba na kamba nene zikikazwa sawasawa, nyembamba inalia juu. Kati ya 0,70 na 0,61, sauti inapanda karibu 15 kwa 100. Hiyo sauti njo inadanganya vijana wengi. Anapiga, anasikia "pa!" kali, anafikiri volani imeenda na nguvu mingi. Mara mingi volani imeenda vilevile kama jana. Ni sikio tu lenye kupata zawadi. Ukitaka kujua ukweli, muambie mwenzako asimame nyuma ya tereni aangalie volani inaangukia wapi. Sauti usiihesabu.

Mwaka 2023, Muhindi Satwiksairaj Rankireddy alipiga volani kwa mwendo wa kilometre 565 kwa saa, mu kiwanda cha Yonex kule Soka, Japani, na Guinness wakaiandika. Nguvu ile ilitoka mu miguu, kiuno, bega na kiganja, na mu miaka ya mazoezi. Ukimupa mutoto wa kidato cha pili kamba yoyote ya bingwa, atapiga kama mutoto wa kidato cha pili. Tena mabingwa wanaingia mu tereni na raketi kadhaa mu mufuko. Moja ikikatika katikati ya muchezo wanachukua ingine, na mu mashindano makubwa kuko mafundi wenye kukaa pale siku nzima wakiwafungia. Kwao kudumu kwa kamba haiko hoja. Wewe mwenye raketi moja, usichague kamba kwa kuangalia mutu mwenye raketi sita.

Sheria za muchezo pia hazikulazimishi. Shirikisho la dunia, BWF, linapima raketi: urefu usipite milimita 680 na upana usipite 230. Juu ya unene wa kamba halipangi kitu. Kila mutu anachagua.

Tuone sasa namna kamba inakufa, juu haife kwa njia moja.

Njia ya kwanza ni kusuguana. Kamba za kusimama na kamba za kulala zinapita moja juu ya ingine, mara mamia mu raketi moja. Kila ukipiga, zile za kusimama zinasogea kidogo, zinarudi, na fasi zinakutana zinajisaga sawa mutu mwenye kukata muti na msumeno mudogo. Angalia raketi yenye kutumika mwezi moja mu mwangaza wa jua: mu fasi ya katikati utaona vidonda vidogo ku kamba. Kile kidonda kinakula ngozi kwanza, kisha kinafika ku moyo, kisha siku moja unapiga pigo la kawaida kabisa na inakatika. Kwa kifo hiki, kamba nene iko na faida ya wazi: kuko nyama mingi ya kusaga mbele ya kufika mwisho. Ni vizuri kujua kama mu kamba ya Yonex yenye kuitwa Aerobite, zenye kusimama ni za 0,67 na zenye kulala ni 0,61: unene uko kwa zile zenye kufanya kazi mingi.

Njia ya pili ni pigo baya. Volani inagonga juu kabisa, karibu na kadre, fasi kamba iko fupi na haiwezi kuvutika. Nguvu yote inaenda mu kipande kidogo. Kamba ya 0,61 ama 0,63 inaweza kukatika hapo hata kama imefungwa jana. Na nani njo anapiga ku kadre mara mingi? Ni mwenye kuanza. Kwa hiyo yule mwenye kufaidika kidogo na kamba nyembamba njo yule mwenye kuikata mbio zaidi. Tunaomba walimu wa michezo waisome sentensi hiyo mara mbili.

Njia ya tatu haiko kosa la kamba. Ku matundu ya kadre kuko vile vimirija vidogo vya plastiki. Vikipasuka ao vikiisha, kamba inagusa ukingo mukali wa kadre na inakatwa kama na wembe. Kama raketi yako inakatika kila mara fasi ileile, pembeni, usilaumu kamba. Muambie fundi aangalie vimirija. Ni kitu cha bei ndogo.

Juu ya majina, watu wanatuuliza sana. Kwa zile za Yonex, ambazo njo zinaigwa sana mu masoko: BG65 ni 0,70, BG80 ni 0,68, BG66 Ultimax ni 0,65, Exbolt 63 ni 0,63, Aerosonic ni 0,61. BG65 haina sifa ya kufanya kijana ajione bingwa. Lakini kwa kudumu, mu shule na mu vilabu vya dunia nzima, njo wanaitumia miaka na miaka. Kuna kampuni zingine za muzuri, Li-Ning na Victor kati yake, na namba yao inasomwa namna moja.

Tuongeze kitu: unene peke yake hauseme yote. Kamba mbili za 0,68 zinaweza kuachana mbali kwa sababu nailoni haiko moja na ufumaji hauko moja. Kamba ya bei ya chini yenye kuandikwa 0,70 inaweza kukufa mbele ya ile ya 0,66 ya muzuri. Tena kuko pakiti zenye jina kubwa na ndani kuko kitu kingine. Mafundi wa mashini na wachonga vyuma wako na kile kipimo cha mukono chenye kupima sehemu za milimita. Ukinunua kamba kwa timu nzima, omba fundi apime kipande. Kama pakiti inasema 0,70 na kipimo kinasema 0,78, umenunua kitu ambacho hakijulikani.

Sasa mukazo, ile mafundi wanaita tansio. Kusema kweli, mukazo unabadilisha raketi kuliko unene, na hapa njo kuko kosa kubwa la vijana. Wanafikiri kamba ikikazwa sana inapiga nguvu zaidi. Ni kinyume. Kamba yenye kulegea kidogo inabonyea na kurusha volani, kama kitanda cha springi. Yenye kukazwa sana inakuwa ubao, na nguvu lazima itoke mu mukono wako yote. Ile ubao inasaidia mutu mwenye mukono wa haraka sana, juu anapata kulenga vizuri. Kwa wengine inaleta maumivu ya kiwiko na bega, na ile fasi ya muzuri ya kupigia katikati inakuwa ndogo. Mwenye kuanza akae kati ya livre 18 na 22. Mwenye kucheza vizuri, 23 ao 24. Kupita pale, awe anajua ni juu ya nini.

Karibu na mukono wa raketi kuko kipimo kimeandikwa, kwa mufano 20–24 lbs. Namba ya mwisho haiko mupango wa kujaribu. Ukipita pale, siku kadre itapasuka hautalipa kamba, utalipa raketi. Tena unene na mukazo vinashirikiana: kamba nyembamba yenye kukazwa sana iko na matatizo mawili kwa mara moja.

Kuko kitu kingine cha kwetu, chenye kusahauliwa. Ziwa Kivu liko ku metre karibu 1 460 juu ya bahari, na Bukavu na Goma ziko juu yake. Kwa urefu ule hewa ni nyepesi, na volani, yenye kusimamishwa na hewa, inaenda mbali kuliko mu fasi ya chini. Ni juu ya ile volani zinauzwa kwa namba za mwendo, na fasi za juu zinaomba zile za pole pole. Kwa hiyo muchezaji wa Bukavu mwenye kutafuta kamba nyembamba ili "volani iende mbali" anatafuta kitu ambacho mulima umeshamupa bule. Mara mingi shida yake ni volani kutoka inje ya mustari.

Uvira na Kalemie, chini ku Tanganyika, shida iko ingine: joto. Nailoni yenye kukaa mu joto inalegea, na haitarudi vile ilikuwa. Raketi yenye kuachwa mu gari lenye kufungwa saa sita, ao chini ya bati, inapoteza mukazo bila hata pigo moja. Ifunike na kitambaa, iweke fasi ya baridi ndani ya nyumba. Kamba mupya nayo ihifadhi mbali na jua na unyevu.

Hesabu ya feza iko rahisi. Namba hizi ni za mufano tu, weka za kwenu. Tuseme kamba, nene ama nyembamba, ni dola 8, kazi ya fundi dola 5, na kutuma raketi na kuirudisha dola 4. Jumla dola 17. Kama kamba nene inadumu miezi mitatu, mwaka mzima raketi moja inakula dola 68. Kama nyembamba inadumu mwezi moja, ni dola 204. Munaona: hata wakikupa kamba nyembamba bule, bado unalipa fundi na usafiri mara 12. Kwetu kamba yenyewe haiko gharama kubwa. Gharama kubwa ni njia.

Kamba ikikatika, kuko kazi ya kufanya palepale, na wengi hawaijue. Chukua makasi, kata kamba zote zenye kubaki, kuanzia katikati ukienda inje. Inaumiza roho, lakini zile zenye kubaki zinavuta kadre upande moja, na kadre ya karboni inaweza kupinda ao kupasuka mu siku chache. Kufunga fundo ku kamba yenye kukatika na kuendelea kucheza: kwa raketi ya chuma ya soko, sisi hatuoni ubaya, cheza mupaka ife. Kwa raketi ya karboni, hapana.

Na nailoni ya kuvulia? Watu wanaijaribu, tunajua. Ule ni uzi moja wenye kujaa, bila moyo wa nyuzi mingi na bila ngozi. Unavutika sana, unalegea mbio, na volani inatoka kama imepigwa na mufuko. Kwa watoto kucheza mu kiwanja, sawa. Kufundisha mutu badminton nayo ni kumupotezea wakati.

Kamba nyembamba basi ni ya nani? Ni ya muchezaji mwenye raketi mbili zenye kufungwa, mwenye kupiga katikati karibu kila mara, na fundi hayuko mbali. Yule aende pole pole: kutoka 0,70 aende 0,68, kisha 0,66, bila kubadilisha mukazo, ili ajue ni nini imebadilika. Akibadilisha vyote viwili siku moja hatajua kitu.

Kwa wenye kusimamia raketi za timu: siku fundi anarudisha raketi, bandika kipande cha karatasi karibu na mukono, andika tarehe, jina la kamba, unene na livre. Kamba ikikatika, andika tarehe ingine mu kaye. Mukifanya vile kwa raketi zote mwaka moja, kaye yenu itawaambia ni kamba gani inadumu mu mikono ya watoto wenu, na hautakuwa na lazima ya kuuliza muuzaji.